Je, Wajua? Dakika Moja Kabla ya Kisu

Mgonjwa anaweza kuwa amelala fofofo kwa nusukaputi, na koo lake likawa macho. Dawa ya usingizi huzima fahamu, lakini taya hubaki limekaza, nyuzi za sauti hujifunga zikiguswa, na mwili hukohoa na kujitutumua kuukataa mpira wa kupumulia unaosukumwa kuelekea mapafuni. Ndiyo maana mtaalamu wa usingizi huwa na sindano nyingine tayari: dawa ya kulegeza misuli. Ikishaingia mshipani, mgonjwa hapumui tena kwa nguvu zake. Kuanzia hapo maswali ni matatu tu. Dawa inaanza kazi baada ya sekunde ngapi? Inadumu dakika ngapi? Na mpira ukigoma kuingia, inaondokaje? Ukiwakuta wataalamu wawili wanabishana dawa ipi ni bora, ujue wanabishana kuhusu saa.

Sumu kwenye mshale, kitoweo jikoni

Asili ya dawa hizi ni porini. Wenyeji wa misitu ya Amazon na Orinoco, Amerika Kusini, walichemsha magome na mizizi ya mimea fulani mpaka ikawa uji mzito mweusi, wakapaka ncha za mishale. Hiyo ndiyo kurare. Mnyama akichomwa hulegea, hushindwa kupumua na kufa, kisha nyama yake huliwa jioni hiyohiyo bila mtu kudhurika. Sababu ni kwamba molekuli ya kurare ina chaji ya umeme ya kudumu, na kitu cha namna hiyo hakipenyi kirahisi ukuta wa utumbo. Chaji hiyohiyo huizuia kuingia kwenye ubongo. Hili la ubongo tutalirudia, maana lina kisa chake.

Afrika Mashariki nako kulikuwa na sumu ya mishale, tena kali, ila ni ya ukoo mwingine kabisa. Waata wa Kenya, waliokuwa mabingwa wa kuwinda ndovu, pamoja na Wagiriama na Wakamba, waliipika kutokana na mti wa akokanthera, na shabaha yake ni moyo, si misuli ya kupumulia. Mkemia Mfaransa Arnaud aliitenga kemikali yake, ouabaini, mwaka 1888. Kusini zaidi, kwenye msafara wa Livingstone wa mto Zambezi, daktari John Kirk aliijua nguvu ya sumu ya mishale iitwayo kombe kwa njia ya ajabu: mswaki wake ulichafuka nayo, na alipousugua mdomoni mapigo ya moyo wake yakabadilika. Huyu ndiye Kirk aliyekuja kuwa balozi wa Uingereza Zanzibar. Sumu za huku, basi, ziliwapeleka wanasayansi kwenye dawa za moyo. Ile ya Amazon ikaishia theta.

Punda aliyeishi miaka 25 baada ya kufa

Charles Waterton, Mwingereza mwenye mali na vituko vingi, alisafiri mwaka 1812 mpaka misitu ya Guyana kutafuta kurare. Mwaka 1814 sumu aliyorudi nayo ilijaribiwa London kwa punda watatu, mbele ya madaktari.

Punda wa kwanza aliwekewa sumu begani, na baada ya dakika 12 alikuwa amekufa. Wa pili alifungwa bandeji ya kubana mguuni, sumu ikawekwa chini ya pale palipofungwa. Saa nzima alitembea na kula kama hakuna lililotokea. Bandeji ilipofunguliwa, hazikupita dakika nyingi, naye akafa. Wa tatu alikuwa punda jike. Alipoanguka kama mfu, wakamtoboa koo la hewa, wakaingiza mvukuto na kuanza kumpulizia mapafu. Punda akainua kichwa, akatazama huku na huku. Wakaacha kupuliza, akaanguka tena. Wakarudi kwenye mvukuto, wakaendelea bila kupumzika kwa saa mbili, mpaka sumu ikaisha nguvu na punda akasimama kwa miguu yake. Walimpa jina la Wouralia, wakampeleka kula majani kwenye shamba la Waterton huko Yorkshire, na huko aliishi mpaka mwaka 1839.

Kwa maoni yangu hakuna jaribio linaloieleza kazi ya mtaalamu wa usingizi vizuri kuliko hilo. Kurare yenyewe haiharibu kiungo chochote. Kinachoua ni kukosa hewa, na mtu akipuliziwa hewa muda wote dawa ikiwemo mwilini, ataamka salama.

Mahali inapofanyia kazi

Katikati ya karne ya 19, Mfaransa Claude Bernard aliwachunguza vyura waliopewa kurare. Akaona kwamba msuli wenyewe ni mzima: ukiupiga umeme moja kwa moja, unajikunja. Mshipa wa fahamu nao ni mzima. Kilichokatika ni mawasiliano mahali viwili hivyo vinapokutana.

Leo tunajua kwamba hapo katikati mshipa wa fahamu humwaga kemikali iitwayo asetilikolini, nayo hushika vipokezi vilivyo juu ya msuli. Chukua kipokezi kuwa kufuli na asetilikolini kuwa ufunguo. Dawa za jamii ya kurare, kama rokuroniamu, atrakuriamu na vekuroniamu, ni ufunguo unaoingia lakini hauzunguki. Unakaa tu na kuuzuia ule halisi. Suksametoniamu, ambayo theta huitwa saksi kwa kifupi, ni ufunguo unaozunguka, ukafungua, kisha ukakwama humo. Tofauti hiyo moja ndiyo inayozaa karibu ubora wote na balaa zote za saksi.

Tarehe 23 Januari 1942

Kabla ya siku hiyo, daktari wa upasuaji aliyetaka tumbo lilegee hakuwa na njia nyingi ila mgonjwa azamishwe kwenye etha au gesi nyingine mpaka karibu na mauti. Huko Montreal, Kanada, Harold Griffith na msaidizi wake Enid Johnson walimdunga kurare iliyosafishwa kiwandani kijana wa miaka 20 aliyekuwa akitolewa kidole tumbo. Tumbo likalegea kwa usingizi mwepesi. Liverpool, Uingereza, Cecil Gray na John Halton walikuwa wameitumia kwa wagonjwa zaidi ya 1,000 kufikia mwaka 1946.

Shangwe hazikudumu bila doa. Mwaka 1954 Beecher na Todd walichapisha hesabu za hospitali 10 za Marekani, karibu wagonjwa 600,000, na kuonyesha kwamba vifo vilivyohusishwa na usingizi vilikuwa takriban mara sita zaidi kwa waliopewa dawa za kulegeza misuli. Watu wa Liverpool walikuwa wakisisitiza utaratibu mwingine: mgonjwa apumuliwe tangu mwanzo mpaka mwisho, na mwishoni apewe dawa ya kuiondoa kurare. Ndio utaratibu uliotawala mpaka leo.

Daktari aliyejilaza akiwa macho

Sasa turudi kwenye ubongo. Miaka ya 1940 kulikuwa na waliodhani kwamba kurare nayo hulaza. Mtaalamu wa usingizi wa Utah, Marekani, Scott Smith, aliamua kujua kwa mwili wake. Alidungwa kurare kwa kiasi kikubwa, bila dawa nyingine, huku wenzake wakimpumulia. Alijibu maswali yao kwa kupandisha nyusi, mpaka nyusi nazo zikakataa. Alipopata tena sauti aliwasimulia kila neno walilosema na kila alipochomwa. Hakupoteza fahamu hata sekunde moja, na maumivu aliyasikia kama kawaida. Ripoti ilitoka mwaka 1947.

Kwa hiyo mgonjwa aliyelegezwa misuli bila kulazwa vizuri anasikia kila kitu, na hana hata njia ya kukunja uso. Uchunguzi mkubwa wa Uingereza na Ireland uliotolewa mwaka 2014 ulikuta kwamba taarifa za kuwa macho katikati ya upasuaji zilikuwa takriban moja kwa kila nusukaputi 8,000 palipotumika dawa za kulegeza misuli, na moja kwa 136,000 pasipotumika. Ndiyo sababu dawa ya usingizi hutangulia, tena kwa kipimo cha kutosha, na haiachwi ipungue kabla ya ile ya misuli.

Saksi: miaka 43 kabatini

Suksametoniamu ilitengenezwa mwaka 1906 na Reid Hunt na René Taveau, Wamarekani waliokuwa wakichunguza shinikizo la damu. Wanyama wao wa majaribio walikuwa tayari wamepewa kurare. Unawezaje kuona mnyama akipooza kama amekwisha kupooza? Dawa ikakaa mpaka mwaka 1949, ndipo Daniel Bovet alipoonyesha kazi yake hasa. Bovet alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1957, na saksi ilianza kutumiwa kwa wagonjwa mwaka 1951.

Kuitazama ikifanya kazi ni jambo la pekee. Mgonjwa amelala kimya, barakoa ya oksijeni usoni. Dawa inaingia. Kwanza kope zinachezacheza, kisha midomo, halafu mtetemo mdogo unashuka chini ya ngozi ya kifua, tumbo, mapaja, mpaka vidole vya miguu, kila msuli ukijikunja kidogo kabla ya kunyamaza. Ufunguo umezunguka na kukwama. Kwa kipimo cha miligramu 1 hadi 1.5 kwa kila kilo ya uzito, ndani ya sekunde 45 hadi 60 taya limelegea na nyuzi za sauti zimeachana wazi. Baada ya dakika 5 hadi 10 mgonjwa anaanza kupumua mwenyewe. Kesho yake baadhi hulalamika viungo vinauma kana kwamba wamelima, hasa vijana wanaoamka kitandani mapema.

Kasi hiyo ndiyo iliyoifanya ipendwe kwa mgonjwa mwenye tumbo lililojaa: mjamzito wa upasuaji wa dharura, majeruhi wa ajali, mwenye utumbo uliojifunga. Kwa hawa hofu ni kwamba chakula kitapanda na kuingia mapafuni katika dakika ambayo koo halina mlinzi. Ni kwa ajili ya dakika hiyo daktari wa Kiingereza Brian Sellick alipendekeza mwaka 1961 msaidizi abonyeze gegedu ya shingoni ili kuziba umio.

Saksi haivunjwi na ini wala kutolewa na figo. Kimeng'enya kilichomo kwenye damu huikatakata, na sehemu kubwa ya dozi huishia njiani kabla haijafika kwenye misuli. Lakini wapo waliozaliwa na kimeng'enya kisichofanya kazi sawasawa. Mtu wa namna hiyo anaweza kuishi maisha yake yote bila kujua, mpaka siku ya theta dakika tano zinapogeuka saa kadhaa. Jamii ya Arya Vysya ya India Kusini inajulikana sana kwa hali hiyo. Tiba si ngumu: alazwe, apumuliwe, asubiriwe. Kisichotakiwa ni kumwamsha akiwa bado hawezi kunyanyua kidole.

Kuna hatari nyingine isiyo na subira. Saksi hutoa potasiamu kwenye misuli na kuimwaga kwenye damu, kiasi kidogo tu kwa mtu mzima wa afya. Kwa aliyeungua vibaya siku kadhaa zilizopita, au aliyepooza kwa kuumia uti wa mgongo, vipokezi vimekwisha kutapakaa msuli mzima, na potasiamu inayomwagika inaweza kuusimamisha moyo palepale. Inaweza pia kuamsha maradhi ya kurithi ambayo joto la mwili hupanda ghafla theta. Maradhi hayo yalielezwa Melbourne, Australia, mwaka 1960, baada ya kijana aliyevunjika mguu kuwaambia madaktari kwamba mguu haumtii hofu, usingizi ndio unaomtisha: ndugu zake 10 walikuwa wamefia kwenye etha. Walimsikiliza, wakabadili dawa, hali yake ikaharibika hata hivyo, ila waliwahi kumwokoa. Ukiulizwa kabla ya upasuaji kama kuna ndugu aliyewahi kupata shida na usingizi, swali hilo halijawekwa kwa kujaza fomu.

Dawa dhaifu ndiyo yenye mbio

Rokuroniamu iliingia sokoni mwaka 1994 kama mshindani wa saksi. Haitetemeshi misuli, haimwagi potasiamu, haiamshi lile joto. Siri ya kasi yake inashangaza: ni dawa dhaifu. Dawa yenye nguvu hutolewa kwa kiasi kidogo, kwa hiyo molekuli chache huchelewa kuvijaza vipokezi. Dawa dhaifu hutolewa nyingi, na wingi huo hufika kwa pamoja. Vekuroniamu, nduguye aliye na nguvu zaidi, huchukua dakika mbili hadi tatu. Rokuroniamu kwa miligramu 0.6 kwa kilo huchukua kati ya dakika moja na mbili. Ukiipandisha hadi 1.2, inakimbizana na saksi kwenye sekunde 60.

Inakimbizana, lakini je, inaifikia? Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2015 yalikusanya majaribio 50 yenye wagonjwa 4,151 na kukuta kwamba kwa ujumla saksi hulegeza koo vizuri zaidi. Kwenye kipimo cha 1.2 tofauti hiyo haikuonekana tena kitakwimu. Miaka minne baadaye Wafaransa walichapisha jaribio lililofanyika nje ya hospitali, kwa wagonjwa 1,248 wa dharura. Mpira uliingia kwa jaribio la kwanza kwa asilimia 79.4 ya waliopewa saksi na asilimia 74.6 ya waliopewa rokuroniamu, na watafiti hawakuweza kusema kwamba rokuroniamu si duni. Mimi nasoma namba hizo hivi: kwa mwanzo tu, mzee wa 1951 bado hajapitwa.

Tatizo la rokuroniamu ni mwisho wake. Kile kipimo kikubwa kinachoipa mbio kinaiweka mwilini kwa zaidi ya saa nzima. Mpira ukikataa kuingia, saa nzima ni milele.

Hesabu iliyoharibu usingizi wa wataalamu

Kwa miaka mingi watetezi wa saksi walisema: mpira ukishindikana, subiri tu, itaisha yenyewe. Mwaka 1997 Jonathan Benumof na wenzake wakapiga hesabu. Mtu mzima mwenye afya aliyevuta oksijeni safi vya kutosha anaweza kukaa takriban dakika 8 bila kupumua kabla oksijeni ya damu haijaporomoka. Mtu mnene sana ana takriban dakika 3. Mtoto mdogo naye hana muda. Saksi kwa wengi haijaisha kufikia hapo. Kwa hiyo faraja ya "itaisha yenyewe" ilikuwa na nyufa tangu zamani, na mtaalamu anayeitegemea peke yake anacheza kamari na maisha ya mtu.

Jibu lilitoka Newhouse, Scotland, kwenye maabara ya kampuni ya Organon. Anton Bom alikuwa akitafuta kitu cha kuyeyushia rokuroniamu, akajaribu sukari zilizounganishwa duara, na akaona kwamba pete moja ya aina hiyo huikumbatia rokuroniamu kwa nguvu ajabu na kuiachia kwa shida. Pete hiyo ikarekebishwa, ikaitwa sugamadeksi. Ulaya iliiruhusu mwaka 2008, Marekani mwaka 2015. Haipigani na dawa kwenye msuli. Huizingira ndani ya damu, na ile iliyoko kwenye misuli hutoka kuifuata. Jaribio la mwaka 2009 lililinganisha: rokuroniamu ikifuatiwa na sugamadeksi dakika tatu baadaye, dalili ya kwanza ya misuli kurudi ilionekana kwa wastani wa dakika 4.4, saksi iliyoachwa iishe yenyewe, dakika 7.1.

Shida ni mfuko. Uokoaji wa ghafla unahitaji miligramu 16 kwa kilo. Mgonjwa wa kilo 70 anahitaji miligramu 1,120, yaani vichupa sita vya miligramu 200, na awepo mtu wa kuvifungua huku mashine zikilia. Bei yake imekuwa juu kwa miaka mingi. Pale ambapo haipo, rokuroniamu ya 1.2 ni safari isiyo na njia ya kurudi, na kuilinganisha na saksi kwa kusoma majaribio ya nchi zenye kabati zilizojaa ni kulinganisha vitu viwili tofauti.

Jambo ambalo wagonjwa wengi hawaambiwi: sugamadeksi hushika pia homoni za uzazi wa mpango. Mwanamke aliyeipokea anahesabiwa kama aliyeruka dozi, na hushauriwa kutumia njia nyingine ya ziada kwa siku 7.

Mti wa Kongo

Je, wajua kwamba rokuroniamu ina asili ya Kongo? Mwaka 1960 wanasayansi wa Kifaransa walieleza malouetini, kemikali waliyoitoa kwenye mmea wa misitu ya Kongo, Malouetia bequaertiana. Ilikuwa na kazi kama ya kurare, lakini umbo lake ni la steroidi. Wakemia wa Scotland walilifuata umbo hilo wakatengeneza pankuroniamu, iliyofika kwa wagonjwa mwaka 1967. Ikaonekana inaharakisha moyo. Wakaipunguza hapa na pale, ikawa vekuroniamu. Wakaendelea, ikawa rokuroniamu. Safari ilianza msituni Kongo, ikapita maabara za Ulaya, na leo kichupa hurudi Afrika kikiwa na bei yake.

Friji, umeme na unga

Saksi, rokuroniamu na atrakuriamu zote hutaka kukaa kwenye nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi. Nje ya friji, vichupa vingi vya saksi na vya atrakuriamu hupewa siku 14. Rokuroniamu hupewa kama siku 60. Kwenye hospitali ya mji wa joto ambako umeme hukatika, tofauti hiyo ina uzito kuliko sekunde 10 za kasi. Saksi iliyopoteza nguvu haijitangazi kwa rangi wala harufu. Unamdunga mgonjwa, unasubiri mtetemo, na taya linabaki kama lilivyokuwa. Vekuroniamu huja kama unga mkavu, hukaa kabatini bila friji, na huchanganywa na maji pale inapohitajika. Ni ya polepole, lakini ipo.

Atrakuriamu inastahili neno lake. John Stenlake wa Chuo Kikuu cha Strathclyde, Glasgow, aliiunda kwa makusudi ivunjike yenyewe kwa joto na hali ya kawaida ya damu, kwa njia ya kikemia iliyoelezwa na August Hofmann mwaka 1851. Haihitaji figo wala ini. Kwa mgonjwa ambaye figo zimekufa, hiyo ni neema, mradi upasuaji uwe wa kupangwa, maana huchukua dakika mbili hadi tatu kukomaa. Na kinachoivunja mwilini ndicho kinachoidai friji: imeundwa kuharibika kwa joto.

Dripu ya magnesiamu

Mjamzito mwenye kifafa cha mimba hupewa magnesiamu salfeti, na inaokoa maisha. Ila magnesiamu nayo hupunguza asetilikolini inayomwagwa kwenye msuli. Akipelekwa theta akapewa rokuroniamu, vekuroniamu au atrakuriamu, kipimo cha kawaida hudumu kuliko ilivyotarajiwa. Gentamaisini, antibayotiki ya kila wodi, ina tabia inayofanana na hiyo. Mtaalamu anayesoma cheti cha mgonjwa mpaka mstari wa mwisho huwa anatafuta vitu kama hivi.

Kidole gumba husema kweli

Misuli hailegei kwa pamoja. Kiwambo, msuli mkuu wa kupumulia, ni mgumu kulegea na huwa wa mapema kurudi. Kwa hiyo mgonjwa anaweza kupumua vizuri kifuani, na koo likawa bado haliwezi kumeza mate. Ndiyo sababu ya kile kifaa kidogo chenye nyaya mbili kwenye kifundo cha mkono. Hupiga umeme mara nne mfululizo, na mtaalamu hutazama kidole gumba. Kama pigo la nne ni dhaifu kuliko la kwanza, dawa bado ipo. Njia hiyo ya mapigo manne ilitoka Liverpool mwaka 1970, na leo inatakiwa pigo la nne lifikie angalau asilimia 90 ya la kwanza kabla mpira haujatolewa. Kumwambia mgonjwa ainue kichwa kwa sekunde tano, njia ya zamani, hudanganya: wapo wanaoweza kukiinua ilhali koo bado halijakaa sawa.

Pasipo sugamadeksi, kinachotumika ni neostigmini, ambayo huongeza asetilikolini mpaka iishinde dawa kwa wingi. Wazo hilo nalo lina mzizi wa Kiafrika. Mwaka 1900 Jakob Pal wa Vienna aliona kwamba fisostigmini huiondoa kurare, na fisostigmini hutoka kwenye haragwe la Calabar, Nigeria, ambalo Waefik waliwalisha watuhumiwa wa uchawi ili kuwahukumu. Kwa saksi neostigmini haifai. Huizuia isivunjwe na kurefusha kazi yake.

Bomba lenye lebo nyekundu

Kwa utaratibu wa kimataifa wa rangi, bomba la sindano lenye dawa ya kulegeza misuli hubandikwa lebo nyekundu. Ya usingizi ni njano, jamii ya mofini ni buluu. Dawa ya kurudisha misuli ina nyekundu yenye mistari myeupe. Ukikumbuka kisa cha Scott Smith utaelewa kwa nini kukosea bomba hilo kunaogopwa kuliko mengine.

Dawa ya kikohozi

Rokuroniamu na saksi ni miongoni mwa dawa zinazoongoza theta kwa kusababisha mzio mkali wa ghafla, hata kwa mtu ambaye hajawahi kuzipata. Watafiti wa Norway na Sweden walishangaa kuona mizio hiyo ni mingi sana Norway na michache Sweden. Wakakuta kwamba Norway watu walikunywa dawa ya kikohozi yenye folkodini, na Sweden haikuwepo tena. Sehemu ya molekuli ya folkodini inafanana na ya dawa za kulegeza misuli, na mwili uliozoeshwa kuichukia moja huishambulia nyingine. Norway iliiondoa mwaka 2007. Desemba 2022 mamlaka ya dawa ya Ulaya ilipendekeza zote zenye folkodini zitolewe sokoni, na Uingereza ikaziondoa Machi 2023. Waliokuwa wamezitumia ndani ya miezi 12 waliambiwa wamtajie mtaalamu wa usingizi kabla ya upasuaji.